Fundi Kesho na Chanjo Mpya

Mke wangu anashona nguo. Mimi natia vifungo na kupiga pasi. Duka letu ni chumba kimoja tu: cherehani mbili, meza ya kukatia, na waya uliojaa nguo za watu. Wateja wanampenda mke wangu, lakini wamempachika jina la Fundi Kesho. Ukiulizia nguo yako, anatabasamu na kusema, "Njoo kesho." Ukija kesho, utaambiwa hivyo hivyo.

Mke wangu anaishi na virusi vya ukimwi. Mimi sina. Mabinti wetu pacha pia hawana. Dawa zake hakosi hata siku moja, na nguvu ananishinda. Kliniki walimpima mlango wa kizazi, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili kwa majibu. Siku ilipofika akasema, "Nitakwenda kesho." Nikamwamini, mjinga mimi. Miezi mitatu ikapita.

Asubuhi moja nesi wa kliniki alikuja kufuata gauni lake. Kulikuwa na mteja mwingine, kwa hiyo nesi akasubiri kwenye benchi mpaka yule akaondoka.

"Fundi, niseme mbele ya shemeji?" akauliza.

"Sema tu. Huyu anajua mpaka namba ya faili langu."

"Gauni langu umelipiga kalenda mara nne. Hilo nimekusamehe. Lakini majibu yako umeyapiga kalenda miezi mitatu. Hilo sikusamehe."

Mke wangu akaacha kukanyaga cherehani. "Naogopa, nesi. Kama ni saratani, wanangu watalelewa na nani? Huyu hata maji ya chai yanamuungulia."

Sikubisha. Ni kweli.

"Si saratani," nesi akasema. "Ni mabadiliko ya mwanzo. Yakiachwa, yanaweza kuwa saratani baada ya miaka. Yanaletwa na kirusi kingine, kinaitwa HPV. Watu wengi hukipata kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Lakini kwa mwenye virusi vya ukimwi kinapenda kung'ang'ania. Ndiyo maana tunakupima, hata kama dawa zinakukubali."

Nikadakia, "Si kuna chanjo? Mabinti walichanjwa shuleni. Mpeni na mama yao."

"Ile inazuia, shemeji. Haiponyi mabadiliko yaliyokwisha kuanza. Tiba tuliyoizoea ni kuondoa sehemu hiyo ndogo, na inafanya kazi vizuri. Ila hospitali kubwa kuna utafiti wa chanjo ya kutibu. Imetengenezwa kwa DNA."

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza mke wangu.

Nesi akaokota mezani karatasi ya kukatia kola. "Hii ni nguo?"

"Si nguo. Inanionyesha tu nikate vipi."

"Basi chanjo hiyo nayo ni karatasi ya kukatia. Mwili unaifuata na kutengeneza kipande kidogo cha kirusi. Kipande hicho hakiambukizi. Kinga yako inakizoea, kisha inakwenda kuzisaka seli zenye kirusi. Lakini bado inajaribiwa. Hatujui kama itamfaa kila mtu. Unaingia kwa hiari, unatoka ukitaka. Ikishindwa, utapewa tiba tuliyoizoea."

"Tuende lini?" nikauliza.

Mke wangu akafungua mdomo. Mimi na nesi tukamkodolea macho. Akacheka mwenyewe. "Haya, leo."

Tukafunga duka. Hospitalini daktari alieleza yote upya, faida na hatari. Mke wangu aliuliza maswali mpaka nikaona haya, kisha akachagua kuingia kwenye utafiti. Alichomwa sindano tatu katika miezi mitatu. Kila baada ya sindano, kifaa kidogo kilimpa mshtuko mfupi wa umeme mkononi, ili chanjo iingie vizuri kwenye seli. Dawa zake za kila siku hakuziacha.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Kama kujichoma na sindano ya cherehani. Ila huku napewa pole."

Mwezi wa tisa tangu sindano ya kwanza, daktari alimpima tena, kisha akatuita. "Mabadiliko yamekwisha," akasema. "Lakini utafiti haujaisha. Wako wenzako ambao haikuwasaidia, tukawatibu kwa njia ya kawaida. Wewe rudi tukupime baada ya miezi sita."

Nililia pale pale mbele ya daktari, na sioni aibu kusema. Mke wangu alinifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, huku anacheka.

Jioni nesi alipita dukani. Mke wangu akamkumbatia, kisha akashusha gauni kwenye msumari, limeshonwa na kupigwa pasi. Lilimkaa sawasawa. Nesi akajigeuza mbele ya kioo mara tatu.

"Nilitaka kulivaa harusi ya mdogo wangu," akasema. "Sasa nitalivaa kwenda kumwona mtoto wake."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kwenye msumari ule ule mke wangu akatundika kadi ya kliniki, usawa wa macho yake, tarehe ya kurudi ikionekana.

Mteja mmoja akachungulia mlangoni. "Fundi, suruali yangu?"

"Njoo kesho," akasema mke wangu.