Sauti Iliyompigia Mzee Sosthenes

Ndugu zangu wa Kihesa, na nyinyi mnaosoma haya mkiwa mbali, nawasimulia yaliyompata jirani yangu.

Mzee Sosthenes Kihwele alikuwa fundi wa mitambo ya maji, kule mlimani juu ya mji. Asubuhi, ukungu ukianza kupanda, alikaa mlangoni pa chumba cha mitambo na kikombe cha chai ya rangi, akisikiliza pampu zikinguruma. Kazi yake aliijua. Mkewe alishafariki, na Esta, binti yake wa pekee, aliolewa Ilomba, Mbeya. Jioni akirudi nyumbani aliwasha redio, ili tu ndani kusikike mtu akizungumza.

Siku moja simu yake ikaita.

"Kamwene, baba. Mimi Adrian, kitengo cha kompyuta, makao makuu. Umeamkaje?"

Mzee alifurahi kusalimiwa Kihehe na mtu wa ofisini. Kesho yake Adrian akapiga tena, na keshokutwa. Aliuliza mgongo unaendeleaje, amekula nini, mahindi yamefikia wapi. Hakuomba chochote. Msimcheke mzee, ndugu zangu. Mtu anayeshinda siku nzima bila kuulizwa hali, akiulizwa mara moja hasahau.

Wakati huohuo serikali iligharamia mafunzo ya usalama wa mtandao kwa wafanyakazi wa maji na umeme, pamoja na nauli na malazi. Yangefanyika Mbeya. Mkuu wa kituo, Bi Hanifa, akamfuata mwenyewe.

"Mzee wangu, jina lako nimelipeleka. Siku hizi pampu zinaongozwa na kompyuta, na wezi wanapitia hukohuko."

"Mwanangu, peleka vijana. Mimi nikitoka hapa, mitambo ataiangalia nani?"

"Fundi mwenzako Rabson atashika zamu. Halafu si utamwona Esta?"

"Esta ana shughuli zake."

Hanifa angeweza kumlazimisha, lakini alimstahi kwa umri wake. Mafunzo yakafanyika, na kiti cha Mzee Sosthenes kikabaki kitupu.

Wiki iliyofuata Adrian alipiga akihema kama mtu aliyebanwa.

"Baba, tunarekebisha mfumo na nimekwama. Nipe neno lako la siri, la sivyo leo nafukuzwa kazi."

Mzee Sosthenes akalitaja herufi moja moja, taratibu, ili kijana asikosee.

Mchana huohuo pampu zikazimika. Skrini ikawa nyeusi, haipokei amri yoyote. Mzee akampigia Adrian amsaidie. Namba haipatikani. Akapiga tena, na tena, mpaka Rabson akamnyang'anya simu.

"Mzee, huyo ndiye aliyetuzimia mitambo!"

Mafundi walihangaika wiki nzima kuirudisha mitambo, na mji ukakaa bila maji ya bomba. Watu wakateka maji mtoni. Pendo, mtoto wa jirani yetu Veneranda, akaharisha mpaka akalazwa, hajitambui. Alipona, Mungu asifiwe. Lakini mama yake, akikutana na Mzee Sosthenes njiani, anageuza uso.

Mzee akasimamishwa kazi. Esta alipofika kutoka Mbeya alimkuta amekaa kitandani, simu mkononi, redio imezimwa.

"Baba, huyo mtu mlikuwa mnaongea kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Nilikuwa napiga, mwanangu. Ulikuwa unasema, 'Nitakupigia baadaye, baba.'"

Esta alivua viatu, akakaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake, akalia. Mzee naye akasema kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu, "Najua ni mwizi. Lakini asubuhi bado nasubiri apige."

FUNZO

Wewe uliyekabidhiwa maji, umeme au mawasiliano ya watu, serikali ikikuita kwenye mafunzo, nenda, hata kama kazi umeifanya miaka mingi. Neno lako la siri usimpe mtu yeyote, hata anayekuita baba. Nawe kiongozi, usiache nafasi ya mafunzo ipotee kwa kuona haya kumsukuma aliyekuzidi umri.

Na sisi wengine, tuwapigie simu wazee wetu leo. Mwizi yule aliingia kwenye mitambo kwa kuuliza tu, "Umeamkaje?"