Mshubiri wa Marehemu

Saa saba mchana, watu wa maofisini wanapomiminika kwenda kula, kibaraza cha lile jengo refu hakipitiki. Muuza mimea alikuwa ameinama akifuta vumbi kwenye majani, gauni lake la kijani amelikunja magotini, mwanamume mmoja akamkanyaga mguu.

"Jamani! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe, dada. Na kazi yangu ndiyo hiyohiyo ya macho." Alivaa koti jeupe lililojaa unga wa vioo, miwani imemteleza puani, na kifuani amekumbatia chungu. "Mimi fundi miwani, hapo juu ghorofa ya pili. Nimeambiwa wewe ndiye Daktari wa Majani."

Ndilo jina walilompa wapita njia, naye hakulikataa. Alikipokea chungu. Ndani mlikuwa na mshubiri mmoja, majani yamelegea na kugeuka rangi ya chai. Akalibonyeza shina, likabonyea.

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni, sijaruka hata siku moja."

"Kaka, huu ni mshubiri, si bata."

Alidhani yule mwanamume atacheka. Fundi akasema mmea huo ulikuwa wa mkewe, aliyefariki mwaka juzi, na kwamba mle nyumbani hakikubaki kingine chenye uhai ambacho mkono wa marehemu ulikigusa. Aibu ikampanda Daktari wa Majani mpaka masikioni.

"Niachie wiki mbili," akasema kwa upole. "Nitajaribu."

Wiki mbili zenyewe fundi hakuzingoja. Kesho yake alishuka kumjulia hali mgonjwa, na keshokutwa, na kila siku, hata wauza magazeti wakaanza kukohoa kwa makusudi wakimwona. Daktari akamfundisha yale anayomfundisha kila mteja: chungu kiwe na tundu chini, mmea ukae karibu na dirisha, na kabla ya maji uchovye kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu, weka kopo chini uende zako. Siku ya Jumapili alikwenda hadi kwake kuitazama mimea mingine aliyokuwa amemuuzia. Huko alimkuta baba yake fundi, mzee mwenye maneno mengi na kofia iliyochakaa, ambaye alimvutia pembeni.

"Binti, usimwambie mwanangu. Na mimi nilikuwa naumwagilia huo mshubiri, akishatoka kwenda kazini. Nilimwona anasahau hata kula, nikajua na mmea kausahau."

Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Maskini mshubiri, kumbe uliogeshwa na wawili!

Jioni simu zikawa hazikauki.

"Daktari, nimechovya kidole kwenye ule wenye miba."

"Umekuta nini?"

"Pakavu."

"Basi upe maji kidogo. Kidogo, mpenzi, si gharika."

"Umeniitaje?"

"Nimekuita kaka."

"Nimesikia mpenzi."

"Basi masikio yako nayo yamejaa maji."

Lakini mshubiri ulikufa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Aliuchomoa udongoni akakuta mizizi yote imegeuka uji mweusi wenye harufu, na hakuna hata chipukizi moja la kunusuru. Akaufikiria uso wa fundi. Kisha akafanya jambo ambalo ni muuza mimea tu angeweza kulifanya: alichagua mshubiri mwingine wa kimo kilekile, akaupanda katika chungu kilekile, akapanga juu kokoto zilezile. Uliooza ukaenda na gari la taka. Alijiambia ameona huruma, na kweli aliona. Ila pia aliogopa kwamba mgonjwa akifa, yule mtu hatakuwa na sababu ya kushuka ngazi.

Jumamosi fundi alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati jipya la buluu. Akakiinua chungu, akakigeuza taratibu kwenye mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Kovu liko wapi?"

"Kovu gani?"

"Jani la chini. Mke wangu alilikwaruza kwa ukucha, akasema ameutia saini. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba jani la mshubiri likichanwa, kovu halifutiki." Akakiweka chungu chini. "Umekufa lini?"

"Jumanne," akasema kwa sauti ndogo.

"Jumatano nilikuuliza. Ukasema unaendelea vizuri."

"Sikutaka uumie."

"Unajua mke wangu alipofariki nilikuwa safarini? Nikapiga simu nyumbani, wakaniambia anaendelea vizuri, wewe njoo tu. Kumbe ameshafariki tangu asubuhi. Mimi njiani nikamnunulia viatu. Nikaingia nyumbani kwangu nacheka, Daktari. Watu wamejaa uani, wote wananitazama, na mimi nacheka na viatu mkononi. Nao hawakutaka niumie."

"Nisamehe. Tafadhali."

"Uliooza ungenipa vilevile. Ungekuwa wake."

Akaondoka na kukiacha chungu pale chini.

Wiki tatu zikapita. Fundi akawa anapita ngazi za nyuma. Daktari akipiga simu, inakatwa. Akituma ujumbe, haujibiwi. Aliuza mimea yake kwa sauti ya kujilazimisha, na kila mteja aliyemuuliza kama mmea utapona alimjibu ukweli mkavu, hata akawapoteza wengine.

Asubuhi moja, yapata saa nne, simu ikalia. Alikuwa dada yake fundi, ambaye walibadilishana namba ile Jumapili, na hakujua kwamba kaka yake na Daktari hawasemezani.

"Wifi, baba ametutoka." Sauti ilikuwa ya mtu anayeuma kitambaa. "Nimefika nikamkuta jikoni, ameanguka. Kaka amezima simu, akisaga vioo huwa anaizima. Wewe uko karibu. Panda umwambie baba anaumwa kidogo, aje nyumbani. Usimwambie zaidi, wifi, nakuomba. Tutamwambia sisi."

Daktari alikaa chini kati ya vyungu vyake. Alimlilia yule mzee kwanza. Kisha akapanda ngazi, na kila ngazi aliiona ndefu. Akimwambia, fundi atamkumbuka maisha yake yote kama mtu aliyemletea msiba, na ndugu hawatamsamehe. Asipomwambia, atamtuma nyumbani kama walivyomtuma mara ya kwanza.

Mashine ilikuwa ikinguruma. Fundi alimwona mlangoni, akarudi kwenye kioo chake.

"Sina la kusema nawe."

"Mimi ninalo. Zima mashine. Kaa."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Akazima, akakaa.

"Baba amefariki. Asubuhi hii, jikoni. Dada yako amenipigia sasa hivi. Kaniambia nikudanganye kwamba anaumwa."

Fundi aliivua miwani yake, akaishika tu.

"Alikuwa peke yake?"

Jibu la uongo lilikuwa karibu, tena tamu. Angesema mzee alikufa mikononi mwa bintiye, na nani angemuumbua?

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa peke yake. Dada alifika ameshakata roho."

Fundi akainama, akaegemeza kichwa tumboni mwa yule mwanamke, na kilio kikamtoka. Daktari alisimama hivyo hivyo, akimshika mabega, na yeye machozi yakimdondokea nyweleni mwa mwenzake. Baada ya muda mrefu fundi akaiwasha simu, akampigia dada yake.

"Kaka! Njoo nyumbani mara moja, baba anaumwa ki..."

"Baba amefariki, dada. Nimeshaambiwa."

Upande wa pili dada mtu, aliyejikaza tangu asubuhi, akaangua kilio. "Nani kakwambia?" akauliza katikati ya kwikwi.

"Huyu nitakayemwoa, kama atanikubali."

Daktari wa Majani aliona hiyo si saa ya kujibu posa. Alimvua fundi koti lake jeupe, akamshika mkono, wakashuka kwa ngazi za mbele. Fundi alilia kwa sauti kati ya watu wote wa maofisini, na yeye hakumwambia anyamaze.