Jivu Nililomficha Benedikto

Nina miaka thelathini na mmoja, fundi mwashi, nakaa Iyunga, Mbeya. Ndugu wasomaji, nihukumuni mnavyotaka... mimi nimekwisha kujihukumu.

Kazi nilifundishwa na Mzee Athumani wa hapa mjini. Yeye huchanganya simenti na jivu la milima iliyotema moto zamani, upande wa Rungwe. "Debe moja la jivu kwa matatu ya simenti, usizidishe," alinionya. "Zege lake gumu sana, lakini zito kuamka. Simenti ikinywa maji hutoa chokaa, na jivu hushikana na hiyo chokaa polepole. Mwagilia, na nguzo za mbao zinazolishikilia usiziguse mwezi mzima. Kwenye baridi, ongeza siku."

Basi nikapata kazi ya kujenga tangi la maji Kilolo, huko kwenye baridi. Mwenzangu alikuwa Benedikto, Mhehe wa huko huko, rafiki aliyenigawia hata blanketi lake. Yeye alizoea simenti tupu.

Nami nilikuwa na harusi mbele yangu, na nyumba yangu sakafu yake vumbi tupu! Wakwe wangenionaje? Nikaiba simenti ya tangi. Pengo nikaliziba kwa jivu nililokuja nalo, nusu kwa nusu, nikichanganya mwenyewe stoo kabla Benedikto hajafika. Aliponiuliza mbona simenti imebadilika rangi, nikamwambia ni ya aina mpya. Akacheka. "Haya bwana, wewe ndiwe mjuzi."

Tulipomaliza kumwaga zege la mfuniko, nikapanda lori kurudi Mbeya na magunia yangu ya wizi. Nilijua yanipasa kumwambia angoje zaidi ya mwezi kabla ya kung'oa nguzo. Lakini kumwambia angoje si ndiyo kumwambia nimeiba? Nikanyamaza... Ole wangu!

Siku ya kumi na nne Benedikto aligonga zege kwa nyundo, akaona juu pamekauka vizuri. Akaingia chini kung'oa nguzo, kama alivyozoea. Mfuniko wote ukamwangukia!

Habari ziliponifikia Mbeya nikarudi, nikamkuta hospitali, Tosamaganga. Hakuweza hata kujigeuza. Akanishika mkono.

"Kaka, nisamehe. Nimefanya haraka, nimekuharibia kazi."

Nilikuwa na mdomo, jamani! Nikamjibu, "Nimekusamehe."

Kesho yake asubuhi akafariki.

Baada ya mazishi mama yake alikuja kunipigia magoti, mtu mzima yule, akiniomba radhi kwa uzembe wa mwanawe. Akaniletea na kuku. Nikampokea kuku yule... tukamla harusini.

Kilolo mpaka leo wanasema Benedikto alikuwa fundi wa pupa. Mama yake naye alikufa mwaka jana, amekwenda na aibu isiyo yake. Nimwombe nani radhi sasa? Mke wangu huwasifia wageni sakafu yetu, kwamba haina hata ufa. Mimi huondoka nikakaa nje.

Mafundi wenzangu, nawasihi: kilichomo ndani ya zege, mwambie atakayesimama chini yake. Mwambie hata kama utafungwa! Kifungo kina siku ya kutoka. Mimi nilisamehe mtu asiye na kosa, na aliyeweza kunisamehe mimi nimemzika.