Gitaa Lilipolia Mara Tano

Alhamisi jioni, watu wamejaa pomoni ndani ya duka la sidii pale Deira, Dubai, wawili wasiojuana walijikuta wanaimba wimbo mmoja. Ulikuwa wimbo mkongwe wa Kimarekani, wa magitaa na kinanda cha mdomo, wa mtu aliyeuacha mji wake mdogo. Fortunata, yaya wa Kitanzania, alivaa sare ya pinki na kusukuma kigari cha mtoto wa madam, mwajiri wake. Clifford, mlinzi Mkenya, kofia ilikuwa imemzidi kichwa.

"Umeujulia wapi?" Clifford akauliza.

"Moshi. Baba ana kanda yake tangu sijazaliwa. Na wewe?"

"Eldoret. Ukipigwa kwa baa wazee wanalia, wacha tu!"

Fortunata alicheka mpaka mtoto akaamka.

Wakapeana namba, na Clifford akauweka wimbo ule kwenye simu yake, uwe mlio wa Fortunata peke yake. Kila mchana binti alimbipu, kumwambia amemkumbuka, naye hapokei, anauacha uimbe. Walionana Ijumaa moja moja tu, na upweke wa mji ule si mchezo. Miezi minane wimbo ndio uliowashika.

Ijumaa moja ukalia mara tano mfululizo. Chumbani kwao, kambi ya wafanyakazi ya Sonapur, wanaume sita wakaitikia kiitikio, wanagonga vyuma vya vitanda.

"Leo shemeji ametupenda!" akasema Gerishom wa kitanda cha juu.

Clifford akatabasamu kama mjinga. Hakupokea.

Alasiri ujumbe ukaingia: "Madam alitaka jibu kabla ya saa sita, niongeze mkataba au nirudi nyumbani. Nilitaka kukuuliza wewe. Umenyamaza, nimeelewa. Ndege Jumatano asubuhi."

Alipopiga, simu ilikuwa imezimwa, na kwa madam mwanamume hathubutu kugonga kengele. Jumatano alitoroka zamu, akamkuta uwanja wa ndege, gauni la kitenge, macho mekundu.

"Fortu! Nilidhani unanibipu, mpenzi."

"Mara tano, Cliff?"

"Nilidhani umenikumbuka sana."

"Nilikuwa nimekukumbuka." Akajifuta machozi kwa mtandio. "Khalas, yamekwisha, visa imeshafutwa."

"Ningepokea ungeniuliza nini?"

"Nikae au niende."

"Kaa! Ningesema kaa."

Hasira ilimwisha Fortunata, na bila hasira maumivu yakazidi. Akamshika shavu, akaingia ndani na pasipoti yake.

Clifford alibaki mlangoni mpaka mlinzi wa pale akamwambia, "Yalla, sogea, hapa si pa kusimama." Maneno hayo yeye mwenyewe huwaambia watu kila siku. Akasogea.