Pikapu ya Marehemu

Haya alinisimulia Faridi mwenyewe, rafiki yangu wa Nachingwea. Alimwoa Mwanaima, mjane, naye akaja na pikapu kuukuu ya marehemu mumewe. Faridi akienda nayo Ruangwa peke yake, haina neno. Akimpakia mkewe tu, injini inachemka.

Magharibi moja walikwama Matambarale. Faridi akakagua: rejeta imejaa maji, feni na mkanda vizima, themostati mpya. Wivu ukampanda.

“Bwana’ko kafa, gari lake ndilo limebaki na wivu!”

Wakasubiri gizani mpaka injini ikapoa kabisa. Ndipo chini ya boneti ukatoka mluzi, mfupi, kisha mrefu, kama wa mtu anayemwita mkewe kutoka shambani.

“Abee, mume wangu!” Mwanaima akaitikia. Akashuka, akampita Faridi, akaenda kuinamia boneti.