Siraji Nyekundu Chini ya Tapi ya Hoteli

Sisi wa cité ya Kenya, mtaa wa Waafrika wa Elisabethville, tunapenda sakafu nyekundu. Mwenye nyumba ya simenti anaipaka siraji nyekundu, yaani nta ya rangi, kisha anaisugua kwa brosi mpaka ing'ae. Mume wangu Kapya anawapita wote. Anavua viatu, anafunga brosi mguuni, anacheza nayo chumba kizima. Mgeni akiingia bila kuangalia, anateleza. Kapya anafurahi sana.

"Munaona? Njo sakafu, hii!"

Mimi Albertine, mke wake, nimechoka. Lakini sakafu ni yetu, tuteleze sisi wenyewe. Shida ilianza Kapya alipopeleka akili hiyo hiyo kazini.

Kapya alikuwa msafishaji wa hoteli moja kule mjini Elisabethville, upande wa Wazungu. Kazi yake ilikuwa sakafu na tapi. Tapi ni zulia nene la sufu. Wazungu wanapaka simenti rangi nzuri, kisha wanaifunika na tapi. Kwa nini? Usiniulize mimi!

Jioni moja Kapya alirudi na tapi imekunjwa juu ya kinga yake, yaani baiskeli. Aliitupa uani. Niliifungua. Eh, Mungu wangu! Ilikuwa na madoa mekundu huku na huku. Manyoya yake yalikuwa magumu kwa sabuni iliyokauka ndani.

"Kapya, nani alifanya hivi?"

"Machine," alisema.

"Machine gani?"

"Ile aspirateri bwana wa hoteli alinunua. Inalia, inavuta vumbi. Sasa inavuta mpaka rangi ya chini, inaileta yulu. Mi nilimwambia bwana: ondosha ile kintu hapa!"

"Na bwana alisema nini?"

Kapya aliangalia pembeni.

"Anasema, siku ya posho tapi irudi safi. Kama haiko safi, atatafuta muntu mwingine."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa karibu. Na ninyi mnajua mambo ya wakati ule. Mtu bila kazi hakuwa na ruhusa ya kukaa cité. Alirudishwa kijijini na mke na watoto. Watoto wetu walikuwa shuleni, Floribert alikuwa ameanza tu kusoma. Moyo uliniuma. Nilichukua kitenge, nikaanza kufunga sufuria zangu.

"Unafanya nini?" Kapya aliuliza.

"Nafunga bintu. Tutaenda, si unataka twende?"

Kapya alichemsha maji, akachukua sabuni na brosi yake ya mizizi, ile ngumu ya kusugulia simenti. Sabuni ilikuwa tayari imeharibu tapi, na huyu anataka kuongeza nyingine! Nikapiga kelele.

"Kapya! Hii si simenti! Hii ni sufu!"

"Brosi hii inang'arisha kila kintu!"

Tulipiga kelele mpaka jirani yetu Mama Régine akaja. Mama Régine ni mjane. Anafundisha kwenye foyer, pale wanawake wanapojifunza kushona na kutunza nyumba. Aliangalia tapi, akaangalia ndoo ya maji ya moto.

"Ba Kapya, weka ile maji chini kwanza."

"Mama Régine, hii ni kazi ya banaume."

"Basi mwanaume aniambie. Sufu ukiitia maji ya moto, inakuwa namna gani?"

Kapya aliendelea kukoroga sabuni.

"Inajikunja," alisema Mama Régine. "Haitarudi tena. Umepata kuona kikoti cha mutoto kilichochemshwa? Na brosi hii ngumu inakata manyoya. Iache kwa simenti."

"Na madoa haya? Machine njo inaleta!"

"Machine inavuta vumbi tu. Haiwezi kuvuta siraji. Mama Albertine, niletee kitambaa cheupe."

Kitambaa cheupe nilikuwa nacho kimoja tu, kile cha kufunga kichwani siku ya misa. Nilikitoa. Mama Régine aliingia nyumbani kwetu, akakilaza juu ya sakafu. Kapya alikuwa ameipaka siraji asubuhi ile kabla ya kwenda kazini. Mama Régine alikikanyaga kitambaa, akakiinua. Kilikuwa chekundu.

"Kitambaa changu cha misa!" nililia.

"Ba Kapya," alisema Mama Régine, "kule hoteli, ukimaliza kupaka siraji, unatandika tapi saa gani?"

"Pale pale," alisema Kapya polepole. "Bwana hapendi kungojea."

"Halafu bantu banatembea yulu yake. Siraji inapanda. Unatia maji na sabuni, inaenea. Machine imekosa nini?"

Kapya aliketi kwenye ngazi. Nilitaka kumhurumia. Lakini kitambaa changu kilikuwa mkononi, huruma ikachelewa.

Tulianza kazi. Tulitundika tapi kwenye kamba, mgongo wa tapi ukituangalia. Mama Régine alileta fimbo yake ya kupigia, ile pana iliyosukwa.

"Fimbo inaondosha muchanga wa ndani. Piga mugongo, usipige manyoya."

Kapya alipiga. Vumbi jekundu la Katanga lilitoka mpaka majirani wakafunga milango. Mzee Mukuka wa nyumba ya pili alituuliza kama tunajenga barabara.

Tuliilaza tena. Tulikwangua siraji kwa kijiko, taratibu. Tukaweka karatasi ya kunyonya wino, ile ya shule, juu ya doa. Nikapitisha pasi ya makaa, ya uvuguvugu tu. Karatasi ilinyonya siraji, ikawa nyekundu. Tuliweka nyingine, na nyingine.

"Umeharibu karatasi za Floribert zote," nilimwambia Kapya.

"Nitamnunulia zingine. Nikiwa na kazi."

Nilimpa karatasi nyingine.

Rangi kidogo ilibaki, na sabuni ya zamani pia. Tulizifuta kwa kitambaa chenye maji baridi, kilichokamuliwa sana, tukikausha kila mara kwa kitambaa kikavu. Kesho yake tukaitundika kivulini mpaka ikakauka pande zote mbili. Mwisho, Mama Régine alichukua brosi laini.

"Fuata manyoya kule yanalala. Sasa ile vumbi ndogo ambayo fimbo na brosi zimeacha, nani ataiondosha?"

Kapya alikohoa.

"Aspirateri," alisema. Jina lile lilimtoka kama jino.

Siku ya posho alikwenda mapema. Alipitisha aspirateri juu ya tapi. Siraji ya sakafu aliiacha ikauke, akaisugua mpaka haikushika kidole, ndipo akatandika. Bwana alipita juu yake, akarudi, akapita tena. Kapya akamwomba kitambaa chake cha mfukoni. Akainua tapi, akakandamiza kitambaa kwenye sakafu, akamrudishia. Kilikuwa cheupe. Bwana alikiangalia pande zote mbili.

"Bien," alisema. "Na kazi moja, Jumatatu, utaanza tapi ya salon kubwa."

Kapya alirudi anapiga kengele ya kinga tangu barabarani. Alikuwa amenunua kitambaa kipya cheupe na karatasi za Floribert. Na sasa hawezi kunyamaza! Ukimwuliza chumvi iko wapi, anakujibu fimbo ni ya mchanga, brosi laini ni ya manyoya, machine ni ya vumbi.

Nilifungua kile kitenge, nikatoa sufuria zangu moja moja. Nilitaka kuziingiza ndani. Kapya alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Mama Albertine, hapana! Nimepaka siraji. Ngoja ikauke!"

Tulikula nje, mimi na watoto, sufuria zetu zote zikiwa uani. Kwa mara ya kwanza sikugomba.