Hina Ilificha Vidole vya Mwanangu

Nina miaka thelathini, mke wa muuza vitambaa hapa Ambanoro, kisiwani Nosy Be. Mtoto wangu ni mmoja tu, Zaina. Mdomo wangu ni mkali, kila mtu anajua, na leo simsitiri mtu!

Nchi ilikuwa imepata uhuru karibuni. Wifi yangu Mariamu akawa anaolewa mjini Mahajanga. Nikaenda na Zaina, tukafikia kwa mama mkwe, mtaa wa Mangarivotra. Zaina, miaka sita, akachaguliwa kumtangulia bibi harusi akiwarashia watu marashi. Furaha aliyokuwa nayo!

Siku mbili kabla ya harusi nilitumwa mtaa wa Antanimasaja kualika jamaa. Huku nyuma mtoto akaanguka ngazini, akaukalia mkono wa kulia. Kurudi, namkuta amefungwa vibao na kitambaa kuanzia begani hadi kiganjani. Mariamu akaapa: “Wallahi wifi, nimempeleka hospitali. Daktari kasema ni mshtuko tu, tusifungue.”

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Si dada wa mume wangu?

Mtoto alilia... Vidole vinamchoma, vimevimba. Mama mkwe akasema anadeka. Wanawake wakampaka hina, vidole na kucha zote, ili apendeze.

Asubuhi ya harusi akanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, kapoa. Lo! Nilishukuru nini mimi?

Nikimvalisha gauni nikavigusa vile vidole. Baridi! Nikamfinya. Akanitazama tu, akasema, “Sisikii kitu, mama.” Kucha zingenionyesha kwa kupauka kwamba damu haifiki, lakini hina ilikuwa imezifunika.

Nikakata kile kitambaa huku nikipiga mayowe. Hapo ndipo Mariamu, kajipamba na dhahabu zake, akasema kweli. Hospitali hakufika! Alimpeleka kwa jirani mkandaji wa viungo, naye akamvuta mkono na kumkaza kwa kile kitambaa. Aliogopa daktari angemlaza mtoto na shughuli yake ingeharibika. Shughuli yake, jamani!

Nilimbeba mwanangu nikakimbia naye hospitali, ngoma zinalia nyuma yangu. Mfupa ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, na kile kitambaa kilizuia damu. Mkono haukukatwa. Lakini vidole vimejikunja mpaka leo, kalamu anashika kwa kushoto.

Mariamu ameomba radhi mara nyingi. Kinywa changu kimesamehe, moyo bado.

Wazazi wenzangu, mtoto akianguka, kiungo kikavimba, kikakaa upande au akakataa kukitumia, msikande wala kuvuta! Kitulizeni kilivyo, mpelekeni hospitali, tena nendeni wenyewe. Akiwa amefungwa, viguseni vidole kila mara. Vikiwa baridi, vimekufa ganzi au maumivu yanazidi, legezeni na mkimbie kwa daktari. Na msivipake kitu!

Zaina huniuliza vidole vyake vitakunjuka lini. Mimi mwenye mdomo mkali huvibusu tu, kimoja kimoja... Nawaombeni, msije mkaulizwa hivyo na watoto wenu.